Pini ya Kichwa cha Buluu

Jumatatu, 2 Machi

Mume wangu ameondoka leo saa kumi na mbili asubuhi. Nimeandika "mume wangu" kisha nikatulia kuyatazama maneno hayo mawili, maana kwangu bado yananukia upya kama viatu vya dukani. Ndoa yetu ina siku ishirini na tatu. Nimezihesabu mara mbili, zinatoka zilezile.

Yeye ni fundi wa minara ya simu. Mvua kubwa zikikaribia, kampuni huwapeleka mafundi milimani wakae hukohuko mpaka mvua ziishe, kwa sababu radi haina adabu na watu hawawezi kuishi bila simu. Kwa hiyo hadi mwisho wa Mei mume wangu atakuwa juu ya vyuma, nami nitakuwa hapa chini na mama yake, cherehani mbili na shemeji yangu.

Shemeji ni mbwa. Mume wangu alimwokota mtaroni mwaka jana akiwa hata macho hajafungua vizuri, akamlea kwa chupa, akawa anamwita "mdogo wangu". Siku niliyoletwa hapa nyumbani, muuza mayai wa mtaa huu aliegemea baiskeli yake akaniambia, "Kama yule ni mdogo wake mumeo, basi ni shemeji yako. Msalimie." Jina likaganda. Ana miezi minane, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala, na ana kisukari.

Sikujua kwamba mbwa huugua kisukari, tena mtoto. Wiki iliyopita mume wangu alinipeleka kwa daktari wa mifugo nikafundishwe. Ni mama mmoja mrefu, mabuti ya mpira mpaka magotini, haongei sana. "Kwa mbwa mzee kisukari ni kazi," alisema. "Kwa mtoto ni vita. Leo anakua, kesho anacheza kutwa, keshokutwa hataki kula, na dawa ni ileile. Kabla ya huyu nimetibu wadogo watatu. Wawili walikufa. Hawakufa kwa sukari kupanda, walikufa kwa sukari kushuka. Inashuka, wanashikwa na degedege, basi." Akaendelea kueleza la kufanya ikitokea hivyo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nautazama mkono wa mume wangu ulivyolala juu ya kichwa cha mbwa.

Uniti tatu za insulini saa moja asubuhi, uniti tatu saa moja jioni. Kwanza ale, ndipo achomwe. Hilo nimelishika.

Mlangoni aliniambia, "Mke wangu, sikuombi kitu kingine. Nitunzie mdogo wangu. Nikirudi nimkute."

"Na mimi je?"

"Wewe nitakukuta hata ukijificha."

Nimelia kidogo, kisha nimecheka, kisha nimelia tena.

Jumanne, 3 Machi

Shati lake la kazi nimelikuta kwenye msumari. Sitalifua.

Alhamisi, 5 Machi

Leo nimechoma sindano kwa mara ya kwanza. Jana na juzi alichoma Mama. Ninamwita Mama, ingawa yeye ananiita "bibi harusi" kwa sauti ileile anayoitumia kuwaambia wateja kwamba sare hazijawa tayari. Ni mshonaji wa sare za shule. Chumba cha mbele chote ni kaptula.

Mume wangu alipiga simu saa moja kasoro dakika tano, kabla hajapanda mnara. Nikamwambia mikono inanitetemeka. Akasema, "Weka simu mezani. Vuta ngozi ya mgongoni kama unavyokunja kitambaa. Mimi nitahesabu, wewe choma. Moja, mbili, tatu, sasa."

Nikachoma. Shemeji hakugeuka hata kutazama, alikuwa analamba sahani. Mume wangu akasema, "Umeona? Tumefanya wote." Tumefanya wote! Yuko safari ya siku nzima kutoka hapa na tumefanya wote.

Tumekubaliana atapiga kila asubuhi. Asubuhi ni yangu na yake, jioni ni ya Mama.

Jumapili, 8 Machi

Moja, mbili, tatu, sasa. Nimeisikia kutwa nzima kichwani nikitoboa matundu ya vifungo.

Jumatano, 11 Machi

Mvua imeanza. Mvua ikinyesha simu haishiki ndani ya nyumba, inashika uani tu, pembeni ya tangi la maji, tena ukisimama juu ya tofali. Ninaweka chakula cha Shemeji, natoka na mwavuli, nasimama juu ya tofali kama kuku aliyekimbia mafuriko. Simu ikilia naiweka sauti kubwa, narudi nayo mpaka kizingiti cha jikoni ambapo sauti bado inafika, Shemeji ananifuata, tunachoma.

Muuza mayai amenichungulia juu ya ukuta. "Shemeji yangu, unangoja basi hapo?"

"Nangoja mume."

"Basi linapita haraka zaidi."

Nimecheka, ila nilipogeuka nikamwona Mama dirishani, miwani mkononi, ananitazama. Anatazama kama mtu anayekagua mshono uliopinda. Nadhani ananiona mtoto.

Jumamosi, 14 Machi

Shemeji alicheza na watoto wa jirani asubuhi nzima kwenye matope. Kufika mchana akawa mlegevu, akalala chini ya cherehani, macho yako mbali. Nilisema, "Amechoka na mchezo." Mama alichovya kidole kwenye chupa ya asali akampaka kwenye ufizi, akakaa chini sakafuni, yeye na magoti yake mabovu, mpaka mbwa akainua kichwa na kupiga mkia.

Nikawaza: mimi sijawahi kukaliwa hivyo. Ndiyo, nimeona wivu kwa mbwa, na kwa sababu hili ni daftari langu nitaliandika.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Kaptula arobaini. Aliniambia kwamba akiwa juu ya mnara anatafuta upande nyumba yetu ilipo.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nimepamba jikoni. Ukutani karibu na friji palikuwa na kipande cha kitambaa cha kaki, mabaki ya kaptula, kimepigwa misumari miwili. Ni mpango wa Mama. Kuna pini yenye kichwa cha buluu, ya asubuhi, na yenye kichwa chekundu, ya jioni. Zikiwa upande wa kushoto, mbwa hajachomwa. Ukishachoma, unahamishia kulia. Kabla ya kulala Mama anazirudisha zote kushoto. Kinafanya kazi, sikatai, lakini kimechakaa, kina doa la mafuta, na mimi nimeletewa daftari zuri la maua siku ya harusi.

Kwa hiyo nimekifua, nimekipiga pasi, nimekiweka kwenye droo. Daftari hili sasa lina kazi mbili: mbele ni sindano za Shemeji, saa na uniti, na kamoyo kadogo kando ya kila asubuhi. Nyuma ni mimi. Nimelining'iniza kwa utepe palepale kilipokuwa kitambaa.

Mama aliutazama ukuta. Akasema, "Haya."

Kwa Mama, "haya" inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, inaweza kuwa mungu wangu nimeletewa nini.

Jumanne, 24 Machi

Kila asubuhi Mama ananiuliza, "Tayari?" Nasema, "Tayari, Mama." Anachukua pini ya buluu mezani anaichomeka kwenye kola ya gauni lake. Washonaji wana mambo.

Jumapili, 29 Machi

Leo hakufanya kazi, tukaongea nusu saa, mimi juu ya tofali, miguu imelowa, nina furaha kama mwendawazimu. Alinieleza kwamba juu kabisa upepo unauimbisha mnara. Nikamwambia hapa tangi ndilo linaloimba. Akasema akirudi tutapanda mnara mmoja mfupi, nione. Nikasema sitapanda kitu chochote zaidi ya kitanda. Kisha nikakumbuka kwamba sauti ilikuwa kubwa na Mama yuko dirishani.

Nimeona haya mpaka masikio. Mama usiku wakati wa kula aliniongezea nyama.

Alhamisi, 2 Aprili

Amechelewa kupiga, saa moja na robo. Nilimwambia Shemeji, "Vumilia, kaka yako anakuja." Shemeji anavumilia. Mimi ndiye nisiyeweza.

Jumanne, 7 Aprili

Ninaandika jioni. Mkono wa kulia umefungwa bandeji, mwandiko utanisamehe.

Asubuhi ilikuwa mvua ya kumwaga kwa ndoo. Nilimwekea Shemeji chakula saa moja kasoro, akala. Nikatoka kwenye tofali langu. Saa moja ikafika, simu kimya. Saa moja na robo. Saa moja na nusu. Nikajiambia mtandao umekatika, atakuwa anautengeneza huohuo ili anipigie. Nilibaki pale na simu kifuani ndani ya khanga. Saa mbili ikapita. Mtu mwenye akili angeingia ndani akachoma sindano na kumaliza. Mimi sikutaka kuchoma peke yangu. Hilo ndilo jambo, na ninaliandika wazi: sikutaka asubuhi moja ipite bila "tumefanya wote".

Akapiga saa mbili na dakika ishirini. "Samahani, mke wangu. Mtandao." Nikakimbia mpaka kizingitini. Mama hakuwapo, alikuwa ametoka kwa mlango wa mbele kwenda kununua vifungo. Nikatazama daftari: ukurasa wa leo mtupu. Nikavuta ngozi. Moja, mbili, tatu, sasa. Nikaandika saa, nikachora kamoyo.

Saa tano nilikuwa napiga pasi. Nikasikia kucha zinaparuza sakafu. Shemeji alikuwa anatembea kama mlevi, anagonga mguu wa meza, anarudi, anagonga tena. Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikasema, "Umekunywa wapi wewe?" Akaniangalia bila kuniona, akaanguka ubavu. Miguu yote minne ikaanza kukimbia pale chini, inakimbia bila kwenda popote. Taya zikabana, povu likatoka, mkojo ukatapakaa. Kichwa kilikuwa kinagonga sakafu, tak, tak, tak.

Nikasimama kizingitini, nikampigia mume wangu. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nilipiga mara tatu kabla sijaelewa kwamba yuko juu ya chuma na mimi niko hapa, na hakuna mtu wa kunihesabia.

Ndipo ile sauti ya daktari ikanirudia, ile niliyoisikiliza kwa sikio moja. Usimmiminie kinywani, atapaliwa. Mpake kwenye ufizi. Usiweke vidole katikati ya meno. Nikatupa simu. Nikachukua asali, nikakunja khanga chini ya kichwa chake kisiendelee kugonga, nikapaka ndani ya shavu, nikapaka tena. Mara moja taya zilifunguka zikafunga juu ya kidole changu. Sikuhisi maumivu mpaka baadaye. Nilikuwa nasema, "Shemeji, nitamwambia nini, nitamwambia nini."

Degedege likalegea, lakini hakuamka. Nikamweka kwenye beseni la nguo, nikatoka mbio mvuani, pasi nimeiacha juu ya kaptula ya mtoto wa watu.

Muuza mayai alikuwa amejibanza chini ya bati la duka. Hakuniuliza. Alishusha trei zake zote akaziacha barazani kwa mtu, akafunga beseni kwenye kreti ya mbele ya baiskeli kwa mpira. "Panda mbele," akasema. "Mshike kichwa." Njia nzima alikuwa anaongea na mbwa kwa sauti ya chini, "Twende mkubwa, twende, nyumbani kwenu kuna nyama, usife kabla hujaila."

Daktari alimpima kwa kitone cha damu. Akakitazama kipimo, akakipiga kwa kidole, akapima tena. Akatundika dripu. Akauliza bila kugeuka, "Nani alimchoma leo, saa ngapi, uniti ngapi?"

"Mimi. Saa mbili na dakika ishirini. Uniti tatu."

"Uniti tatu hazifanyi hivi."

Mlango ukafunguka, akaingia Mama. Majirani walimwambia alipofika nyumbani. Alikuwa amelowa chapachapa, mfuko wa vifungo bado mkononi. Daktari akarudia swali. Nikaona mkono wa Mama unapanda polepole hadi kwenye kola ya gauni. Pini ya kichwa cha buluu ilikuwa pale.

"Na mimi," akasema Mama. "Saa moja kamili. Uniti tatu."

Kisha Shemeji akashikwa tena na degedege, la pili, refu, daktari akatufukuza.

Benchi la nje ni fupi, tulikaa tumegusana mabega. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Kila siku mimi ndiye ninayekuuliza. Nilidhani leo utaniuliza wewe." Akaushusha mfuko wa vifungo chini. "Nilikuona kwenye tofali. Saa ilikuwa imefika. Nikasema, akiingia ndani simu italia hayupo. Mwache angoje. Nikamchoma mimi, nikaenda zangu dukani."

Nilikuwa nimedhani ananikagua, wiki nne zote pale dirishani.

"Baba yake alikuwa dereva wa malori," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja barua. Siku moja nilisikia kengele ya mtu wa posta nikaacha pasi ya mkaa juu ya gauni la bibi harusi. Lilitoboka hapa." Akagusa kifua chake. "Mwenye gauni alinitukana mpaka kizazi cha saba. Barua yenyewe ilikuwa ya jirani."

Nilitaka kucheka ikatoka kilio. Nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyetoa kitambaa ukutani. Akanishika mkono ule wenye kidonda.

"Watu husema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema. "Mimi nakuambia pole. Na wewe niambie."

"Pole, Mama."

Daktari alitoka saa kumi. Anapumua, lakini atalala pale na dripu. "Sijui kesho atakuwa nani," akasema. "Ubongo umekaa na njaa muda mrefu." Kisha akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mnajua ile methali, mkono mmoja haulei mwana? Nzuri sana. Kwa huyu isahauni. Huyu saa yake ni moja, mkono mmoja, na alama moja ukutani. Msimngoje mtu. Hata mimi msiningoje."

Jumatano, 8 Aprili

Yuko hai. Hajasimama. Nimefungua droo, nimetoa kitambaa cha kaki, nimekipigilia misumari mwenyewe. Pasi niliyokipiga mwezi uliopita imekifanya kizuri, lakini doa la mafuta limebaki, na nimefurahi limebaki.

Mtandao wa milimani umekatika kweli. Sijui ninaomba urudi au usirudi.

Alhamisi, 9 Aprili

Tumemleta nyumbani. Haoni.

Daktari alitupima sisi kabla ya kutuambia, alitukalisha kwanza. Anasema baada ya degedege kubwa macho yanaweza kuzima, si macho yenyewe, ni kule nyuma yanakoripoti. Huenda yatarudi kwa siku chache. Huenda hayatarudi. Amempunguzia dawa iwe uniti mbili mpaka atakapompima tena.

Shemeji anatembea akigusa ukuta kwa pua. Aligonga mguu wa cherehani ya Mama, akakaa chini, akageuza uso kuelekea mlangoni ambako mume wangu huwa anaingilia, akasubiri. Sikuweza kutazama. Mama ameondoa viti vyote njiani, wateja wanapimwa kiuno wamesimama kama wako msibani.

Ijumaa, 10 Aprili

Saa moja kamili, uniti mbili. Nilijihesabia. Sauti yangu haifanani na yake.

Jumamosi, 11 Aprili

Simu imelia saa moja na nusu. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku tatu na yote yakanitoroka.

"Mke wangu, siku nne. Nimekumiss mpaka nimeongea na koleo. Haya, Shemeji ameshakula? Nihesabu?"

"Nimeshamchoma. Saa moja kamili."

"Bila mimi?"

Nikamwambia. Nilianza na tofali, nikamaliza na cherehani. Sikumtaja Mama kwanza, nikaona huo nao ni uongo, nikamtaja, nikasema ni mimi niliyeondoa kitambaa. Sikumsikia akipumua. Niliposema "haoni," upepo tu ndio uliobaki kwenye simu.

"Nipe Mama," akasema.

Nimewahi kusikia maneno makali maishani mwangu, baba yangu ana ulimi. Hakuna lililonichoma kama "nipe Mama".

Mama alisimama juu ya tofali kwa viatu vyake vya ndani. Nilisikia upande wake tu. "Ndiyo. ... Hapana. Mimi. ... Nimesema mimi. ... Yeye ndiye aliyemwokoa, wewe ulikuwa wapi? ... Hujui kidole chake kimeshonwa nyuzi ngapi. ... Basi kama unataka kumgombeza mtu, mgombeze mama yako, na uchague maneno."

Akanirudishia simu. Imekatwa.

"Ana hofu," Mama akasema. "Baba yake alikuwa hivyohivyo. Hofu ikimpata anaita watu wengine. Njoo, binti yangu, vifungo vinatungoja."

Binti yangu. Nimeandika mara mbili ili nisije nikadhani niliota. Binti yangu.

Jumapili, 12 Aprili

Hakupiga.

Jumatatu, 13 Aprili

Hakupiga. Shati lake halinuki tena yeye, linanuka msumari.

Jumatano, 15 Aprili

Asubuhi Mama alikuwa anakata kitambaa, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Alipoinama, ncha ya utepe ikacheza. Shemeji alikuwa amelala karibu na mlango. Kichwa chake kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Mama akaganda na mkasi hewani.

"Binti yangu," akanong'ona, "usipumue."

Akautikisa utepe kwa makusudi. Kichwa kikaufuata. Ncha ilipopita karibu yake Shemeji akauruka, akaukosa, akaanguka juu ya kaptula. Mama alikaa palepale juu ya sakafu akanikumbatia mimi, si mbwa. Tulilia mpaka mteja aliyekuja kuchukua sare akauliza nani amefariki.

Nimemwandikia mume wangu ujumbe: Anaona. Sijui utamfikia lini.

Jumapili, 19 Aprili

Ujumbe wake umeingia asubuhi, mrefu. Nitaunakili hapa kwa sababu simu hufuta vitu.

"Mke wangu. Nimesoma 'anaona' nikiwa nusu ya mnara, ikabidi nijifunge kamba nikae. Nina neno. Ile Jumanne mtandao haukukatika. Nililala. Tulikuwa tumefanya kazi hadi alfajiri, nikasema nipumzike dakika tano, nikaamka saa mbili na robo. Niliona haya kukuambia wakati wewe ulikuwa umesimama mvuani. Nilipokwambia nipe Mama, sikuwa nakukasirikia wewe. Nilikuwa nimejua ni saa yangu iliyomwangusha. Nisamehe. Nitunzie mdogo wangu kwa namna yako."

Nimeusoma juu ya tofali. Kisha nimekaa chini ya tangi, juani, maana leo limetoka kidogo. Kwa hiyo tulikuwa watatu. Mmoja alilala, mmoja alingoja, mmoja alihurumia. Hakuna aliyekusudia, na mbwa mdogo ndiye aliyelipa.

Nimemjibu: apige saa moja na nusu, kila siku, baada ya sindano. Saa moja ni ya Shemeji. Ilinichukua muda kubonyeza kutuma. Nilikuwa natoa kitu changu kizuri kuliko vyote.

Jumapili, 3 Mei

Dawa imerudi uniti tatu. Daktari anasema amekua, kilo moja na robo tangu Machi. Muuza mayai anataka kumtoza Shemeji nauli ya ile safari. Mama amemshonea kaptula bure, mfuko mmoja uko chini kuliko mwingine, anasema ni mtindo.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua zinapungua. Tangi halitiririki tena. Ninapochoma bado nahesabu kwa sauti yake, moja, mbili, tatu, sasa, nikiiga hata ile pumzi kabla ya "sasa". Nahamisha pini. Halafu namngoja nusu saa nzima. Sikujua kwamba nusu saa inaweza kuwa na nafasi kubwa hivyo. Nampikia Mama chai ndani yake, nafagia, namkumbuka.

Jumamosi, 23 Mei

Alisema atafika jioni.

Saa moja asubuhi kamili nilikuwa nimepiga magoti jikoni. Sahani ilikuwa tupu, bomba la sindano limejaa mpaka mstari wa tatu, ngozi ya mgongo iko kati ya vidole vyangu. Nikasikia geti. Nikasikia mabuti. Ningeyajua mabuti yale hata kwenye soko zima la mabuti. Sikio la Shemeji lililolala likasimama, mwili wote ukaanza kutetemeka, na wangu pia.

"Hodi!" Sauti ileile, bila simu, bila upepo.

Siku themanini na mbili. Niliota mlango huo kila siku, na katika kila ndoto nilikuwa nimeshafika mlangoni kabla hajagonga.

Nikasikia kiti cha Mama, slipa zake, komeo. "Karibu mwanangu. Umekonda. Subiri hapohapo uvue mabuti."

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini."

Akaelewa. Nilijua amesimama pale, hatua sita nyuma ya mgongo wangu, buti moja mkononi. Sikugeuka. Nikamshika Shemeji kwa goti. Moja, mbili, tatu, sasa.

Nikatoa sindano. Nikahamisha pini ya buluu kutoka kushoto kwenda kulia. Nikanawa mikono. Ndipo tukakimbia, mimi na shemeji yangu.